Picha Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia ikielekezwa kwa wenye maduka, kwa makatibu wa vyama vya ushirika, na kwa wale wanaokopesha majirani kisha wakasahau nani amechukua nini. Leo napenda kuielekeza kwa mtu mwingine: wewe uliyerithi kamera ya filamu kutoka kwa baba au mjomba, ukaifuta vumbi, ukanunua mkanda wa filamu kwa bei inayouma, na sasa unajiandaa kuwapiga picha watu wa nyumbani kwako.

Kwa kamera ya namna hiyo, chombo cha pili kwa umuhimu baada ya kamera yenyewe ni daftari la kurasa chache na kalamu ya risasi. Lenzi kubwa yaweza kungoja. Taa ya kumulikia yaweza kungoja. Daftari halingoji, kwa kuwa kile ambacho hukukiandika leo hutaweza kukiandika kesho.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Simu iliyomo mfukoni mwako, kila ipigapo picha, huandika yenyewe ndani ya picha ile saa, tarehe, kiasi cha mwanga na muda ambao mwanga uliruhusiwa kuingia. Utaratibu huo uitwao Exif ulitungwa nchini Japani mwaka 1995, nao umeenea katika simu na kamera za dijitali duniani kote. Filamu haina karani wa namna hiyo. Hupokea mwanga na kunyamaza. Utakapoipata baada ya kusafishwa, pengine majuma kadhaa baadaye, itakuonyesha yaliyotokea, lakini haitakueleza wewe ulifanya nini hata yakatokea.

YALIYONIFIKA

Simhubirii mtu jambo ambalo halijanichoma mwenyewe. Mjomba wangu aliniachia kamera aina ya Zenit-E, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovyeti. Ni kamera nzito, imara kama jembe, wala haihitaji betri hata moja. Niliinunulia filamu ya ASA 400, kwa kudhani kwamba filamu yenye namba kubwa ndiyo iliyo bora, nikafunga safari hadi Lushoto kumwona mama mkubwa. Yeye alikuwa amekwisha zeeka, na katika nyumba zetu zote hapakuwa na picha yake iliyo safi zaidi ya ile ndogo ya kitambulisho.

Nilipiga picha 36: mama mkubwa uani, mama mkubwa na wajukuu, mama mkubwa shambani kati ya migomba, mama mkubwa barazani. Niliporudi na kusafisha filamu, zilizofaa zilikuwa 11 tu. Nyingi miongoni mwa zilizobaki zilikuwa na upande mmoja uliozama gizani, kana kwamba mtu amepita na kufunga dirisha nusu. Nyuso zilikatwa katikati: jicho moja linaonekana, la pili limemezwa.

Nikaanza kutafuta ushauri. Mtaalamu wa kwanza akasema filamu imepitwa na muda. Wa pili akasema niliziba lenzi kwa kidole. Wa tatu akasema kamera imekufa, ninunue nyingine. Waganga watatu, maradhi matatu, na mimi mgonjwa nimesimama katikati bila neno la kuwajibu. Kwani kila mmoja alipoketi nami aliniuliza swali lile lile: picha hii ulipiga kwa mwendo gani? Nami sikukumbuka. Nani anayeweza kukumbuka hesabu za picha 36 baada ya majuma matatu?

Nilirudi Lushoto mara ya pili, na filamu ya aina ile ile, lakini safari hii nikiwa na daftari la shule mfukoni. Kila nilipofyatua, niliandika. Filamu iliposafishwa nikaitandaza juu ya meza karibu na daftari, nikasoma mstari kwa mstari. Nusu saa haikupita kabla jambo halijajitokeza lenyewe. Kila picha yenye upande wa giza ilikuwa imeandikwa 1/500 au 1/250. Kila picha iliyopigwa kwa 1/125 au 1/60 ilikuwa safi. Hapakuwa na hata moja iliyokwenda kinyume.

Kumbe ndani ya kamera ile mna mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza hukimbia na kufungua njia ya mwanga, la pili hulifuata na kuifunga. Katika mwendo wa haraka sana, mwanya ulio kati yao ni mwembamba kama ufa wa mlango. Springi zikichoka na mafuta yakikauka, pazia la kwanza huzembea, la pili hulifikia kabla halijamaliza safari, na upande mmoja wa filamu haupati mwanga. Katika mwendo wa taratibu mwanya ni mpana, na uchovu huo hauonekani.

Dawa haikuwa kamera mpya. Filamu ya ASA 400, chini ya jua letu la mchana, hulazimisha mwendo wa 1/500, yaani pale pale penye ugonjwa. Filamu ya ASA 100 huridhika na 1/125. Nilibadili filamu, nikajiwekea sharti la kutopita 1/125, na mkanda wa tatu ulitoka safi wote. Gharama ya matibabu ilikuwa daftari moja la shule. Huko ndiko kujitegemea kwa mpiga picha: kujua maradhi ya chombo chako bila kungoja kuambiwa.

HESABU MBILI

Yafaa sasa tueleze hesabu zenyewe, ili msomaji ambaye hajazizoea asiachwe nyuma. Ni mbili tu, na zote zimeandikwa juu ya kamera.

Ya kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi. Namba zake hufuatana hivi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na nyingine huendelea hadi 22. Namba inavyozidi kuwa kubwa ndivyo tundu linavyozidi kuwa dogo, na kila hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu. Kwa hiyo tundu la 8 hupitisha nusu ya mwanga upitao kwenye 5.6, na mara mbili ya ule upitao kwenye 11.

Ya pili ni mwendo, yaani muda ambao pazia hubaki wazi. Namba 60 maana yake ni sehemu ya 60 ya sekunde, 125 ni sehemu ya 125, na kadhalika: 30, 60, 125, 250, 500. Hapa pia kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu.

Kwa kuwa hesabu zote mbili hupanda na kushuka kwa nusu, zinaweza kubadilishana. 1/125 na tundu la 8 ni sawasawa na 1/60 na tundu la 11, na pia ni sawasawa na 1/250 na tundu la 5.6. Mwanga unaoifikia filamu ni ule ule. Ni kama kujaza ndoo: bomba lililofunguliwa sana kwa muda mfupi, au lililofunguliwa kidogo kwa muda mrefu. Lakini zikishasahaulika, hakuna awezaye kutazama picha na kusema kwa hakika ni ipi kati ya hizo iliyotumika. Ndiyo maana lazima uandike zote mbili. Kuandika moja bila ya pili ni sawa na kuandika bei ya mchele bila kutaja kilo.

Ipo pia kanuni ya zamani ambayo kila mwenye kamera isiyo na kipimo cha mwanga hana budi kuihifadhi kichwani. Penye jua kali lisilo na wingu, weka tundu la 16, na mwendo uwe karibu na namba ya filamu yako: filamu ya 100 kwa 1/125, filamu ya 400 kwa 1/500. Jua likiwa na utando mwembamba, fungua hadi 11. Mawingu mepesi, 8. Mawingu mazito, 5.6. Kivuli cha mti au cha baraza kilicho wazi kwa anga, 5.6 au 4. Kanuni hii ni mahali pa kuanzia tu. Daftari lako ndilo litakalokuambia kama barazani kwenu ni 5.6 au ni 4, kwa kuwa baraza la nyumba ya makuti si sawa na la nyumba ya bati, na ukuta uliopakwa chokaa hurudisha mwanga ambao ukuta wa udongo huumeza.

DAFTARI LIPANGWEJE

Kwa kila mkanda wa filamu anza ukurasa mpya. Juu kabisa andika mambo haya: namba ya mkanda, kamera na lenzi, aina ya filamu na ASA yake, ASA uliyoiweka kwenye kamera, tarehe ya kuanza, na nafasi ya kujaza baadaye tarehe ya kumaliza na mahali iliposafishwa. Usidharau hilo la ASA kuandikwa mara mbili. Wengi wameweka filamu ya 100 ndani ya kamera iliyobaki kwenye 400 ya mkanda uliopita, wakapata picha za giza mwanzo hadi mwisho, wakailaani filamu.

Chini yake piga mistari ya safu sita: namba ya picha, saa, nani au nini, hali ya mwanga, mwendo, na tundu. Acha nafasi pembeni kwa neno moja au mawili ya ziada. Mstari mmoja katika daftari langu unasomeka hivi:

Na. 14. Saa 10 jioni. Mama mkubwa barazani, ukuta wa udongo nyuma. Kivuli, jua uani. 1/60. Tundu 4. Anacheka.

Ni maneno machache, lakini yanatosha. Tumia vifupisho vyako mwenyewe: J kwa jua, K kwa kivuli, M kwa mawingu, N kwa ndani ya nyumba. Tumia kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka mvua inaponyesha na mkono unapotoa jasho. Na ukimaliza mkanda, andika namba yake juu ya mkebe wa filamu kabla hujautia mfukoni. Daftari lisilojulikana ni la mkanda gani halina faida yoyote.

Je, ni lazima kuandika kila picha? Kwa anayeanza, ndiyo, walau kwa mikanda mitatu ya kwanza. Baada ya hapo unaweza kuandika kila mwanga unapobadilika, na kuweka alama tu kwa picha zinazofuata: «15 hadi 19, kama ya 14». Sherehe ikipamba moto na huna nafasi, mteue karani. Katika kila nyumba yupo mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili anayependa kupewa kazi ya maana. Mpe daftari, wewe utaje namba kwa sauti, yeye aandike. Atajifunza hesabu ya nusu na robo kwa siku moja kuliko kwa juma zima la darasani, na huenda kesho akawa mpiga picha kuliko wewe.

KUSOMA FILAMU NA DAFTARI PAMOJA

Kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusoma. Hapa napenda kutoa tahadhari moja kubwa: usihukumu kwa picha ya karatasi. Anayechapa picha, au mashine yake, hujitahidi kurekebisha makosa yako. Picha iliyokosa mwanga huangazwa, na iliyozidi hupunguzwa. Kwa hiyo karatasi huficha siri. Omba urudishiwe negativu, uzishike mbele ya dirisha, na uzitazame zenyewe. Kumbuka kwamba mambo huko yamegeuka: palipo peusi kwenye negativu ndipo palipopata mwanga mwingi, na palipo peupe, angavu kama kioo, ndipo palipokosa.

Daftari husema ulichokusudia. Negativu husema kilichotokea. Pale yanapotofautiana ndipo penye somo, na tofauti hizo zina sura zake.

Ikiwa negativu zote za mkanda ni nyembamba, angavu kupita kiasi, kwa kiwango kile kile, basi kuna kitu kimoja kinachokudanganya daima. Tazama kwanza ASA uliyoweka. Ikiwa ni sahihi, tazama betri. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kutumia betri ndogo za zebaki zenye volti 1.35, ambazo zilisifika kwa kuwa nguvu yake haikushuka hadi siku ya kufa. Zebaki ni sumu, na betri hizo zilianza kupigwa marufuku katika miaka ya 1990. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1996. Betri za alkali zinazoingia mahali pake zina volti 1.5, na katika kamera nyingi ziada hiyo ndogo hukifanya kipimo kidhani kwamba mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Nawe ukikisadiki, unaipa filamu mwanga pungufu. Daftari likikuonyesha kwamba upungufu ni hatua moja katika kila picha, punguza namba ya ASA kwa nusu, kutoka 100 hadi 50, na tatizo limetulia. Ila betri ya alkali hupungua nguvu kadiri inavyotumika. Kwa hiyo endelea kuandika, na andika pia tarehe uliyoitia.

Ikiwa zote ni nzito na nyeusi, huenda kipimo chako ni cha seleniamu, kama kile cha Zenit-E. Hivyo havihitaji betri, lakini vingi vimedhoofika kwa miaka. Huona mwanga mchache kuliko uliopo, na kukuambia ufungue zaidi. Au huenda lenzi yako ni ya namna ya zamani ambayo, baada ya kulenga huku tundu likiwa wazi, yakupasa ulifunge kwa mkono kabla ya kufyatua. Ukisahau, daftari litasema 16 ilhali lenzi ilikuwa 2. Kosa hilo hutofautishwa na lile la kipimo kwa jambo moja: kipimo hukosea kila mara kwa kiasi kile kile, bali usahaulifu huja na kuondoka.

Ikiwa ni picha za mwendo wa taratibu tu zilizo nzito, kwa mfano za 1/15 na 1/8, basi mafuta ya ndani yameganda na pazia huchelewa kufunga. Na ikiwa upande mmoja wa picha za mwendo wa haraka umekosa mwanga, ugonjwa huo umekwisha kuusoma hapo juu.

Hatimaye kuna sura ambayo kamera yako ni nzima kabisa, lakini nyuso ni giza na mandhari yaliyo nyuma ni safi. Huyo ni kipimo aliyelaghaiwa. Kipimo cha mwanga hakijui kilicho mbele yake. Hudhani kwamba ulimwengu wote, ukichanganywa, ni wa rangi ya kijivu ya wastani. Ukimpiga mtu picha akiwa mbele ya ukuta wa chokaa, au mbele ya bahari wakati wa mchana, au bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, kipimo huona weupe ule, hufunga tundu, na uso wa mtu, hasa uso mweusi kama nyuso zetu, huachwa gizani. Dawa yake ni kusogea karibu, kupima mwanga usoni, kurudi nyuma na kutobadilisha. Au kufungua hatua moja au mbili zaidi ya inavyosema kamera. Hatua ngapi hasa? Hakuna kitabu kiwezacho kukujibu kwa niaba ya ukuta wenu na nyuso zenu. Daftari litakujibu, ikiwa uliandika «kanzu nyeupe, hatua moja zaidi» na leo unaiona negativu iliyo sawa.

WALIOTUTANGULIA

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba haya ni mambo ya kujisumbua bure. Mwaka 1914 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera zilizokuwa na mlango mdogo mgongoni. Baada ya kupiga picha, mtu aliufungua mlango ule, akaandika kwa kijiti cha chuma juu ya karatasi iliyofunika filamu, akauacha mwanga uingie kwa sekunde chache, akaufunga. Filamu iliposafishwa, maandishi yake mwenyewe yalitokea katikati ya picha moja na nyingine: jina, tarehe, mahali, hata namba ya tundu. Aliyebuni ujanja huo aliitwa Henry Gaisman, na Kodak ilimlipa dola 300,000 kwa haki yake, fedha nyingi mno kwa zama hizo. Filamu za namna hiyo zilikoma kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wazo lenyewe halikufa, maana lile linalofanywa leo na simu ni wazo lile lile.

Tena sikiliza habari ya Ansel Adams, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kupima mwanga, na ambaye pamoja na Fred Archer alitunga karibu miaka ya 1939 na 1940 utaratibu kamili wa kuupanga mwanga kwa daraja. Jioni moja alikuwa akiendesha gari katika jimbo la New Mexico. Akaona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, na jua linalozama likiangaza misalaba ya makaburini. Alisimamisha gari, akatega kamera yake kubwa kwa haraka, lakini kipimo cha mwanga hakikuonekana. Hata hivyo alikuwa amehifadhi kichwani kwamba mng'ao wa mwezi ni sawa na mishumaa 250 kwa futi mraba. Akapiga hesabu kutokana na hiyo, akafyatua kwa sekunde moja na tundu la 32. Alipokuwa akijiandaa kupiga ya pili, jua lilikwisha iacha misalaba. Picha hiyo moja ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani.

Tazama basi pande mbili za kisa hiki. Upande mmoja, hesabu iliyohifadhiwa ndiyo iliyoiokoa picha. Upande wa pili, bingwa huyo hakuandika tarehe. Kwa miaka mingi picha ile ilitajwa kuwa ya 1940, mara 1941, mara 1942, mara 1944. Ikabidi wanafalaki wapime mahali mwezi ulipokuwa katika picha na kuhesabu kurudi nyuma. Wa kwanza, David Elmore, alipata tarehe 31 Oktoba 1941. Baadaye, mwaka 1991, Dennis di Cicco aliirekebisha hesabu hiyo na kupata tarehe 1 Novemba 1941, karibu saa 11 jioni. Sisi na picha zetu za harusi na za vipaimara, nani atakuja kutuhesabia mwezi?

NENO LA MWISHO

Wapo watakaosema kwamba kuandika huchelewesha, na kwamba picha nzuri haingoji karani. Ni kweli picha haingoji. Kwanza fyatua, kisha andika. Mtu hukumbuka namba mbili kwa dakika moja bila taabu. Kwa majuma matatu hawezi. Wapo pia watakaosema kwamba simu yaweza kufanya kazi hiyo: unapiga picha ya mahali pale pale kwa simu, nayo inakuwekea saa na tarehe, nawe unataja namba kwa sauti na kuzirekodi. Sina ugomvi na hilo. Anayependa na afanye, mradi jioni ahamishe mambo yale kwenye ukurasa mmoja, kwani filamu husomwa kwa kulinganisha, na kulinganisha huhitaji kuona mistari yote kwa pamoja.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nichague mazungumzo haya kwa ukurasa wa familia, wala si kwa ukurasa wa ufundi.

Mama mkubwa alifariki mwaka uliofuata mkanda wa tatu. Tulipokuwa tukitafuta picha ya kuweka mbele ya watu siku ya mazishi, kila mtu alileta alizokuwa nazo. Palikuwapo bahasha nzima ya picha za zamani, zenye kingo za mikato mikato, za watu wasiopungua ishirini. Wazee waliokuwapo waliwatambua wanne. Waliobaki wanatutazama hadi leo kwa macho makavu, wamevaa nguo zao nzuri, na hakuna ajuaye ni nani, wala walikuwa wanasherehekea nini. Aliyewapiga picha alizijua habari zote hizo siku ile. Hakuziandika, akaondoka nazo.

Tulichagua Na. 14. Nilifungua daftari kuitafuta negativu yake, na mjukuu mmoja, aliyekuwa mdogo sana kuikumbuka siku ile, akausoma mstari ule kwa sauti hadi neno la mwisho. Aliuliza alikuwa akicheka nini. Hilo sikuliandika, lakini nililikumbuka palepale: alikuwa akinicheka mimi, mtu mzima niliyeinama nikiandika kwenye daftari la shule kila nilipobonyeza kamera.

Baada ya kumjibu, nikachukua kalamu ya risasi nikaliongeza pembeni.